Nasahihisha kila kosa, mbona alama hazipandi?

Barua ya msomaji

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni na ninasoma kozi ya uandishi, ile ambayo ni lazima kwa kila anayeanza. Tumebakiwa na wiki 7 muhula uishe. Nimewasilisha insha 2: ya kwanza nimepata 54 kwa 100, ya pili 55. Sekondari insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa kama mfano, kwa hiyo alama hizi zimenivunja moyo kweli.

Mhadhiri anaturuhusu kuandika upya na kurudisha. Insha ya kwanza nilikesha nayo: nikarekebisha tahajia, nikatoa maneno niliyoona mepesi nikaweka mazito, nikaongeza "aidha" na "vilevile" kwa sababu pambizoni alikuwa ameandika "mtiririko". Nilipoirudisha iliongezeka alama 2 tu.

Maoni yake ni yaleyale kila mara: "Hoja yako ni ipi?", "Unaeleza tu, huchambui", "Kwa hiyo?", "Mtiririko". Maneno yenyewe nayaelewa, ila sijui nifanye nini nikikaa mbele ya karatasi. Kwenye kikundi cha kusomeana kazi wenzangu wananiambia "iko vizuri" na mazungumzo yanaishia hapo. Mmoja ananishauri niiachie programu ya akili mnemba iniandikie, nipumzike.

Hii ni aya ya kwanza ya insha ya pili. Swali lilikuwa: "Jadili kama wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu darasani."

*"Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia, simu ni kifaa muhimu sana katika maisha ya kila mwanadamu. Simu ina faida nyingi na hasara nyingi. Kupitia simu mwanafunzi anaweza kupata habari mbalimbali ambazo zinaweza kumsaidia katika masomo yake. Pia simu inaweza kumpotezea mwanafunzi muda wake ambao angeutumia kusoma. Hivyo basi, ni muhimu kwa wadau wote kuhakikisha kwamba simu zinatumika ipasavyo."*

Zimebaki insha 2 na jalada la kazi la mwisho wa muhula, ambalo lazima liwe na barua ya kueleza nimekua vipi kama mwandishi. Sitaki kufaulu tu, nataka nijue kuandika. Je, wiki 7 zinatosha? Au uandishi ni kipaji na mimi sinacho?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Jibu

Marahaba. Tuanze na hilo la kipaji, maana likibaki moyoni litakusumbua hadi mwisho wa muhula. Insha ya sekondari na insha ya chuo hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ile ya mtihani huandikwa kwa muda mfupi, na msahihishaji hutafuta lugha safi, methali mbili tatu, na mpangilio wa utangulizi, kiini na hitimisho. Hayo unayajua na hujayasahau. Chuoni lugha safi inahesabiwa kwamba unayo tayari, na kinachopimwa ni kama kuna jambo unalidai na kama unaweza kulitetea mbele ya mtu asiyekubaliana nawe. Kwa hiyo 54 haina maana kwamba umeshuka. Umejibu swali jipya kwa mbinu za mtihani wa zamani, na mbinu zinabadilishika.

Sasa turudi kwenye usiku ule uliokesha, kwa sababu shida yako iko pale. Ulifanya kazi nyingi, lakini yote ilikuwa kwenye maneno. Hakuna aya uliyoitupa, hakuna uliyoihamisha, na dai la insha lilibaki lilelile, au tuseme halikuwepo na likaendelea kutokuwepo. Mwaka 1980 Nancy Sommers, mtafiti wa uandishi Marekani, alichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na waandishi wazoefu 20, akiangalia kila mmoja anafanya nini anaporudia kazi yake. Wanafunzi, kwa sehemu kubwa, waliona kurudia kazi ni kubadilisha maneno: hili limejirudia, weka lingine. Wazoefu walirudia ili waione hoja yenyewe ina umbo gani, na kama msomaji ataweza kuifuata. Kozi kama yako imejengwa ili ikuvushe kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na uvukaji huo hutokea kati ya rasimu ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo nataka uweke nguvu zako za wiki 7.

Tuichukue aya yako. Isome kwa sauti kisha jiulize: ni nani duniani angeweza kuikataa? Simu ni muhimu, ina faida na hasara, yafaa itumike ipasavyo. Hakuna wa kubisha, na pasipo wa kubisha hakuna hoja. Ndiyo maana mhadhiri anaandika "Hoja yako ni ipi?" Angalia pia yale maneno yanayokuficha. "Wadau wote" ni akina nani? "Ipasavyo" ni vipi? "Habari mbalimbali" ni habari zipi? Kila mojawapo linashika nafasi ya uamuzi ambao hukuufanya. Ulipofika kwenye "ipasavyo" ulitakiwa uamue simu ikae wapi na itolewe lini, ukaweka neno ukapita.

Swali lenyewe linakupa mlango. Kitenzi chake ni "jadili", maana yake upime pande zaidi ya moja kisha useme wewe umesimama wapi na kwa nini. Wanafunzi wengi hufanya nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Kabla ya kuandika neno lolote, pigia mstari kitenzi cha swali: "eleza" hudai ufafanuzi, "linganisha" hudai vitu viwili viwekwe kwenye vigezo vilevile, "tathmini" hudai hukumu yenye vipimo. Insha nzuri iliyojibu kitenzi kingine haipati alama nzuri.

Nimejaribu kuandika upya sehemu ya katikati ya insha yako kana kwamba umeamua kwamba simu isikae mezani:

*"Simu iliyo juu ya meza humpunguzia mwanafunzi usikivu hata kabla hajaishika. Ujumbe ukiingia, kioo huwaka na jicho hukimbilia huko. Mhadhiri alikuwa kwenye hatua ya tatu ya hesabu. Mwanafunzi akirudisha macho ubaoni, anakuta hatua ya tano. Amekosa hatua moja tu, lakini hesabu hufuatana, na asiyeiona ya nne hawezi kujua ya tano imetoka wapi. Kwa hiyo kanuni ya kuzima mlio peke yake haitoshi. Simu ikae mkobani hadi kipindi kiishe, itolewe tu pale mhadhiri anapotaka itumike."*

Haina neno zito hata moja. Tofauti yake na ya kwako ni kwamba hii inaweza kupingwa. Mtu anaweza kusema: "Mimi naandika muhtasari kwenye simu, nikiiweka mkobani nitaandikia wapi?" Vizuri sana, hiyo ndiyo aya yako inayofuata, na utalazimika kumjibu kwa heshima, pengine kwa kulegeza dai lako kidogo. Insha huenda mbele kwa namna hiyo. Tena sentensi ya kwanza, kwamba usikivu hupungua hata kabla simu haijashikwa, ni dai la kitafiti. Kwenye insha kamili lazima uliwekee chanzo, au ulipunguze hadi kile unachoweza kukithibitisha.

Ndani ya aya hiyo kuna vitu vitatu ambavyo mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin aliviweka wazi mwaka 1958 alipokuwa akichambua jinsi watu wanavyojenga hoja: dai, ushahidi, na kiungo kinachofunga ushahidi kwenye dai. Dai ni kwamba simu ikae mkobani. Ushahidi ni jicho lililokimbilia kioo na hatua iliyopita. Kiungo ni ile sentensi "hesabu hufuatana, na asiyeiona ya nne hawezi kujua ya tano imetoka wapi". Ifute sentensi hiyo uone: msomaji atajiuliza, amekosa hatua moja, kuna ubaya gani? Mhadhiri wako anapoandika "Kwa hiyo?", anaomba kiungo. Nawe huenda unamjibu kwa kumwongezea ushahidi mwingine, naye anaandika tena "Kwa hiyo?" Kuanzia leo, kila ukiliona neno hilo, ongeza sentensi moja au mbili zinazoanzia kichwani mwako kwa "hili lina uzito kwa sababu…", kisha uzisafishe.

"Unaeleza tu, huchambui" ni ugonjwa wa jirani. Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa kijani pigia mstari kila sentensi inayobeba maneno au taarifa za wengine: nukuu, muhtasari wa kitabu, takwimu, tukio. Kwa njano pigia kila sentensi ambayo wewe unafasiri, unapima, unakubali au unakataa. Karatasi ikiwa kijani tupu, sasa unaona kwa macho kile alichokuwa anakuambia. Hakuna uwiano mtakatifu, lakini kwa kuanzia, kila nukuu ya mistari miwili ifuatwe na angalau sentensi 2 za njano zinazosema ni neno gani ndani ya nukuu hiyo lina uzito na linaisaidiaje hoja yako. Usimalize aya kwa nukuu. Ukifanya hivyo unamwachia mtu mwingine akufungie hoja, naye alikuwa akiongea na wasomaji wengine juu ya jambo lingine.

Na mtiririko? Hapa ndipo "aidha" na "vilevile" zilipokuponza. Viunganishi huonyesha uhusiano uliopo tayari; haviwezi kuuzaa. Linganisha hizi mbili.

*"Usingizi mfupi hudhoofisha kumbukumbu. Aidha, wanafunzi wengi husoma usiku. Vilevile, muda wa kulala hupungua."*

*"Usingizi mfupi hudhoofisha kumbukumbu. Kumbukumbu ikidhoofika, mwanafunzi hulazimika kurudia somo lilelile usiku unaofuata. Marudio hayo humla saa za kulala, na usingizi unazidi kuwa mfupi."*

Ya pili haina kiunganishi hata kimoja cha aina uliyoongeza, lakini inakwenda, kwa sababu kila sentensi inaanzia pale ya nyuma yake ilipoishia. Kitu kilichokuwa kipya mwishoni mwa sentensi moja kinakuwa cha kawaida mwanzoni mwa inayofuata. Jaribu kwenye aya zako: chora mshale kutoka mwisho wa sentensi hadi mwanzo wa inayofuata. Mshale ukikosa pa kutua, hapo msomaji aliruka shimo.

Sasa nikupe zoezi ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Liite mpango wa kinyume. Ukimaliza rasimu ya kwanza, iache angalau siku moja, uirudie ukiwa na karatasi nyingine pembeni. Kwa kila aya andika sentensi moja, isiyozidi maneno 12, inayosema aya hiyo inadai nini. Usiandike "inahusu faida za simu". Hiyo ni mada. Andika "simu humpa mwanafunzi kamusi papo hapo". Insha ya maneno 1,000 huwa na aya 7 au 8 hivi, kwa hiyo utapata sentensi 7 au 8 kwenye karatasi. Zisome peke yake, bila insha, kutoka juu hadi chini, kana kwamba ni aya moja.

Makosa yatajitokeza yenyewe. Ukikuta sentensi mbili zinasema jambo lilelile, aya hizo ni moja. Sentensi ikikataa kuandikika bila "na" mbili katikati, aya imebeba mizigo miwili, igawe. Ukikuta aya ambayo huwezi kuiandikia sentensi kabisa, huenda uliiandika ili kujaza maneno. Itoe, hata kama ina maneno 150 na umeipenda. Na kuna jambo linalotokea mara nyingi mno: dai lako bora kuliko yote liko kwenye aya ya mwisho. Hilo si bahati mbaya. Uligundua unachokiamini wakati unaandika, na ugunduzi huja mwishoni. Lichukue dai hilo ulipandishe hadi aya ya kwanza, kisha uandike upya kila kitu kilicho chini yake kwa kulielekea. Inauma, maana karibu nusu ya insha itabadilika. Lakini hiyo sasa ni rasimu ya pili kweli. Zoezi lote huchukua kama nusu saa, na lingekuletea faida kubwa kuliko ule usiku mzima.

Kazi ya kurekebisha iende kutoka kubwa kwenda ndogo: dai, mpangilio wa aya, ushahidi na viungo, sentensi, na mwisho kabisa tahajia. Ukianza na tahajia utapoteza muda kung'arisha aya ambayo kesho utaitoa. Baya zaidi, ukishaing'arisha utaionea huruma na utakataa kuitoa.

Gawa siku zako hivi kwa kila insha, ikiwa una siku 10. Siku 2 za mwanzo ni za kusoma swali na vyanzo, pamoja na kuandika ovyo kwa dakika 10 mara mbili, bila kunyanyua kalamu wala kusahihisha, ili uone unafikiri nini. Siku ya 3 na ya 4 andika rasimu ya kwanza, mbaya ikiwezekana. Siku ya 5 usiiguse. Siku ya 6 ni ya mpango wa kinyume, ya 7 na ya 8 rasimu ya pili. Siku ya 9 mpe mwenzako asome, na ya 10 sasa ndiyo ya sentensi na tahajia. Wanafunzi wengi hutumia siku 8 kuogopa na 2 kuandika, kisha wanashangaa kwa nini rasimu ya kwanza ndiyo iliyowasilishwa.

Kuhusu kikundi, wenzako si wavivu. Swali lenu ndilo bovu. Ukimuuliza mtu "unaionaje?", adabu itamjibu "iko vizuri". Muulize mambo anayoweza kuyajibu bila kukuumiza: "Funika karatasi, niambie dai langu kwa sentensi moja." "Ni wapi ulilazimika kurudi nyuma kusoma tena?" "Kama ungenipinga, ungeanzia aya gani?" La kwanza ndilo la thamani. Akikutajia dai tofauti na lile ulilokusudia, usimsahihishe wala usijitetee. Andika alichosema, kwa sababu hicho ndicho kilichofika. Nawe ukisoma kazi yake, mweleze ulichokielewa kabla ya kumwambia kilicho kizuri au kibaya. Utaona pia kwamba jicho linaloona kasoro kwenye kazi ya mwenzio baada ya wiki chache huanza kuziona kwenye yako.

Mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, na wachache huzitumia. Nenda, lakini usiende na "kwa nini nimepata 54?", maana utampa kazi ya kutetea alama. Nenda na aya moja iliyochapishwa, rasimu ya zamani na mpya ubavuni, na maswali 2: "Je, hiki ndicho kiungo ulichokuwa unakitaka? Na kama bado, kinakosa nini?" Dakika 15 zinatosha.

Makosa ya lugha yapo, sitakuficha, ila ni ya kutengeneza kwa utaratibu. Kwenye aya yako kuna "habari mbalimbali ambazo zinaweza kumsaidia" na "muda wake ambao angeutumia". Hizo "amba-" mbili zinaweza kufupishwa: "habari za kumsaidia", "muda wake wa kusoma". "Amba-" si kosa, lakini ikijazana aya inakuwa nzito kama nguo iliyolowa. Mwanafunzi "anayesoma" ni mwepesi kuliko "ambaye anasoma". Tenga daftari dogo, uandike kila kosa ambalo mhadhiri amelizungushia: sentensi ilivyokuwa, ilivyotakiwa kuwa, na sababu. Baada ya insha 3 utagundua kwamba makosa yako hayazidi aina 4 au 5 zinazojirudia: pengine upatanisho wa ngeli unaopotea sentensi ikirefuka, pengine "r" na "l", pengine "sio" palipotakiwa "si". Siku ya kusahihisha pitia insha mara moja kwa kila aina. Jicho linalotafuta kila kitu kwa pamoja hukosa vingi. Kisha soma yote kwa sauti, polepole. Sentensi iliyokumaliza pumzi ikate, na iliyokukwaza ulimi iandike tena.

Jambo moja lisikutishe: insha ya tatu ikiwa na wazo gumu zaidi, sentensi zako zinaweza kuharibika kuliko za insha ya kwanza. Hutokea kwa waandishi wanaokua. Akili imeshikwa na hoja mpya, lugha inabaki nyuma kwa muda. Usirudi kwenye mawazo mepesi ili sentensi zipendeze. Zipe siku yake, zitafuata.

Vyanzo nao huwaangusha wengi bila wao kukusudia. Wizi wa maandishi mara nyingi huanzia kwenye daftari la muhtasari: uliandika sentensi ya mtu bila alama za kunukuu, wiki 2 baadaye ukadhani ni yako. Unaponakili neno kwa neno, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa palepale, kabla ya kufungua ukurasa mwingine. Unapotaka kueleza kwa maneno yako, soma, funga kitabu, andika, kisha fungua ulinganishe. Kubadilisha maneno mawili matatu ukaacha mifupa ya sentensi ya mwenyewe bado ni kunakili. Na hata ukieleza kwa maneno yako, wazo bado ni lake, mtaje. Muulize mhadhiri anataka mtindo gani wa marejeleo: APA huweka jina na mwaka ndani ya maandishi, kwa sasa ikiwa toleo la 7 la 2019, MLA huweka jina na ukurasa, toleo la 9 la 2021. Chagua mmoja na usichanganye.

Sasa ushauri wa mwenzako kuhusu akili mnemba. Kwanza soma kanuni za kozi yako, maana vyuo vingine hukataza kabisa na vingine huruhusu ukitaja ulivyoitumia. Lakini hata pale inaporuhusiwa, fikiria unachokabidhi. Ile hatua ya kuhangaika kutoka "ipasavyo" hadi "ikae mkobani" ndiyo kozi yenyewe. Programu ikuandikie, na utakuwa umelipia muhula ili mashine ifanye mazoezi. Zaidi ya hapo, ukiiachia iandike bila mwongozo huelekea kuandika aya kama ile yako ya kwanza: laini, isiyo na wa kuipinga. Kama kanuni zinakuruhusu, itumie baada ya rasimu ya pili na kwa kazi moja tu: iulize mtu asiyekubaliana nawe angekupinga kwa lipi. Majibu uyaandike wewe.

Wiki 7, insha 2: zinatosha kubadilisha tabia, na tabia ndiyo unayoihitaji. Usitegemee kuruka hadi 80 mara moja. Tazama kama maoni yenyewe yanabadilika. Mhadhiri akiacha kuandika "Hoja yako ni ipi?" na akaanza kuandika "Sikubaliani, vipi kuhusu…", amekuwa msomaji wako, na hilo ni badiliko kubwa hata alama ikipanda kidogo.

Kuhusu jalada na ile barua, anza leo. Hifadhi kila rasimu kwa jina lake na tarehe, usiandike mpya juu ya ya zamani, maana ukifika wiki ya mwisho hutakuwa na cha kuonyesha. Barua nyingi za aina hii husema "nimejifunza mengi na sasa ninaandika kwa kujiamini", na msomaji wake hana njia ya kujua kama ni kweli. Yako ichague mahali 2 au 3 tu. Weka aya ilivyokuwa, weka ilivyo sasa, kisha eleza ulibadilisha nini, nani au nini kilikufanya ubadilishe, na nini bado hakijakaa sawa. Kwa mahali pa kwanza tayari una kitu kizuri: aya hii ya simu uliyonitumia. Usiifute wala usiirekebishe. Iweke kwenye faili lake kama ilivyo, pamoja na 55 yake na maoni ya mhadhiri, uandike juu yake tarehe ya leo. Toleo jipya liandike mwenyewe kwa dai lako mwenyewe. Hilo langu limeegemea upande mmoja, na huenda wewe ukiketi ukafikiri utataka simu zibaki mezani.